Ukifika Sheffield, omba upelekwe Burbage

Familia nyingi za Bukavu zina mtu wao Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Mji ule ulianza mwaka 2004 kupokea wakimbizi wanaoletwa kwa mpango wa serikali na Umoja wa Mataifa, na Wakongomani walifika humo katika miaka iliyofuata. Siku hizi mama au shangazi akipata viza, anakwenda kuwaona watoto. Akirudi anatusimulia maduka, ibada za Jumapili, baridi, na wajukuu wanaojibu kwa Kiingereza hata ukiwasalimu kwa Kimashi. Nyika hakuna aliyewahi kunisimulia. Nimeziona mwenyewe, mwezi wa tano na wa sita, nikiwa kwa kaka yangu, na haya nayaandika kwa yeyote ambaye tiketi yake imeshakatwa. Ukifika Sheffield, omba upelekwe Burbage. Ni bonde lenye nyika, basi moja tu kutoka mjini, kuingia hulipi kitu, na kwa mtu anayependa ndege ni siku ya miguu ambayo hataisahau.

Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari, Ibanda. Mapenzi ya ndege niliyapata Lwiro, nilipopelekwa nikiwa mwanafunzi kuona makabati ya kituo cha utafiti. Tangu hapo sipiti kando ya ziwa bila kusimama kumtazama mdiria akipepea mahali pamoja juu ya maji kabla ya kujitupa. Kwa hiyo tathmini hii ni ya mtu anayetembea polepole, anayesimama mara kwa mara, na ambaye hana haraka ya kufika kileleni. Anayetaka mazoezi ya mwili atafute ushauri kwingine.

Upande wa magharibi Sheffield inapanda milima. Karibu theluthi moja ya eneo la mji imo ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1951, ya kwanza Uingereza. Ukipanda unaziacha nyumba, kisha unaiacha miti, na juu unakuta nyika, ardhi wazi iliyofunikwa na erika, vichaka vya kufika gotini vyenye majani madogo magumu. Chini ya erika kuna mboji, udongo mweusi wa mimea iliyokufa bila kuoza kwa kuwa imelala maelfu ya miaka katika maji yenye asidi, yasiyo na hewa. Pembeni imetokeza miamba ya kijivu iliyokatika wima, na upepo unavuma mchana kutwa.

Aliyewahi kufika kilele cha Kahuzi ataitambua hali hiyo mara moja. Kwetu erika ni mmea wa juu kabisa, wa kilele chenye mita 3,308, na ili uione unapita kwanza msitu na mianzi. Kule, kwa kuwa wako mbali na ikweta, unaikuta kwenye mita 400. Ziwa Kivu lenyewe liko juu zaidi ya hapo, mita 1,460! Nilimweleza hivyo mtoto wa kaka tukiwa kwenye basi, akanitazama kwa muda, akauliza kama kweli kwetu watu wanavua samaki juu kuliko milima yao. Ndiyo, baba, wanavua.

Kaka yangu ameishi pale miaka mingi. Kutoka dirisha la jikoni kwake ukingo wa nyika unaonekana vizuri, na hakuwahi kuukanyaga. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, “Dada, yale ni mashamba ya wakubwa. Utaitiwa polisi.” Jibu hilo nimelisikia tena kwa Wakongomani wengine wa kule, na ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, maana linawanyima watu wetu kitu ambacho sheria imewapa.

Zamani kweli yalikuwa ya wakubwa. Nyika zilikuwa za matajiri waliozitunza kwa ajili ya kuwinda ndege mmoja, kwale mwekundu, na walinzi wao walimfukuza kila aliyepita. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa, na wenzao wa Sheffield wakaja kuwalaki kutoka upande wa pili. Watano walifungwa jela. Miaka ikapita, na mwaka 2000 ikapitishwa sheria inayompa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika nyika zilizotengwa kwenye ramani, awe raia au mgeni, bila kuomba ruhusa ya mtu. Longshaw, pale panapoanzia matembezi ninayoyasifu, palikuwa shamba la kuwindia la Duke wa Rutland hadi alipoliuza mwaka 1927. Watu wa Sheffield walichanga pesa likanunuliwa, na mwaka 1931 likakabidhiwa kwa National Trust, shirika linalotunza ardhi kwa ajili ya watu wote.

Nikimsomea kaka habari hizo nilikuwa nawaza Kahuzi-Biega. Hifadhi yetu ilianzishwa mwaka 1970, na Batwa waliokuwa wakiishi ndani ya msitu ule walitolewa kwa nguvu katika miaka iliyofuata. Historia hizi mbili hazilingani, kwa sababu wale vijana wa 1932 walikwenda kutembea Jumapili na jioni wakarudi nyumbani, wakati Batwa nyumbani kwao ndiko kulikochukuliwa. Hata hivyo swali la nani anaruhusiwa kukanyaga mlima ninalichukulia kwa uzito, na nilipopita lango dogo la mbao la Longshaw bila mtu kuniuliza kitu, nilisimama kidogo.

Njia ya kwenda ni rahisi. Unapanda basi namba 272, linalotoka kituo kikuu cha Sheffield kwenda Castleton, unashuka Fox House, kando ya Longshaw, penye baa ya zamani ya mawe. Jumapili mabasi ni machache, na siku moja lile la jioni tulilolingoja halikuja kabisa. Tulisimama kwenye upepo mpaka wifi yangu akaja na gari. Kwa hiyo chukua ratiba asubuhi, na usingojee basi la mwisho. Treni nayo ipo, ya kwenda Manchester, na ukishuka Grindleford umeshapita ndani ya mlima mzima, kwenye handaki la Totley lenye zaidi ya kilomita tano. Mtoto yeyote atalipenda. Ila kutoka Grindleford ni mwinuko mkali kupitia msitu wa mialoni, kwa hiyo mama mwenye magoti mabovu apande basi.

Kutoka Fox House bonde la Burbage linafunguka mbele yako. Kuna njia pana, karibu tambarare, inayofuata ukingo wa bonde kwa kilomita tatu hivi hadi daraja la juu, na kijito kinapita chini. Tulikutana na wazee wenye fimbo, na baba aliyesukuma mtoto kwenye kigari. Kulia ni miamba. Kushoto, ng’ambo ya kijito, vimesimama vilima viwili vya mawe: Carl Wark, ambako watu wa kale walijenga ukuta wa ngome kwa mawe makubwa yasiyo na saruji, na Higger Tor, mita 434. Chini ya miamba kumelala mawe ya kusagia, ya duara, yaliyochongwa na kuachwa biashara ilipokufa. Jiwe la namna hiyo ndilo alama ya hifadhi nzima. Utaliona kwenye mipaka yake, barabarani.

Kwa mtu wa Bukavu matembezi ya starehe yanahitaji kuzoewa. Mlima kwetu unapandwa kwa sababu. Mama anayeshuka kutoka Kabare na mzigo wa mihogo mgongoni hadi soko la Kadutu, kamba ikimkata paji la uso, kwake mlima ni kazi. Saa nzima ya kwanza mwili wangu ulikuwa unatafuta shughuli: ninakwenda wapi, nimchukulie nani nini? Kisha sululu akalia, nikasahau mwendo.

Sululu ni ndege mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Majira ya baridi anakaa pwani, akichomoa minyoo kwenye matope. Majira ya kuchipua anapanda nyikani kutaga, chini kabisa, kwenye majani. Sauti yake inaanza kwa miluzi mizito, mmoja mmoja, halafu inaharakisha mpaka inakuwa mtetemo mrefu unaomwagika juu ya bonde zima huku yeye akishuka kwa mabawa yaliyotandazwa. Nimesikia ndege wengi, nasema bila kusita kwamba hakuna aliyenishika namna ile. Karibu robo ya sululu wote wa aina hiyo wanaozaliana duniani wanazaliana Uingereza na nchi jirani za ufalme ule, na tangu miaka ya 1990 karibu nusu yao wametoweka. Mwaka 2015 waliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Mayai yanaliwa na mbweha na kunguru, malisho yanakaushwa na kukatwa mapema, vifaranga havikui. Ndiyo maana vibao vinakuomba usiache njia kuanzia mwezi wa tatu hadi wa saba, na mbwa wote wafungwe kamba fupi. Tafadhali, tii vibao hivyo. Kiota kiko chini, na rangi ya yai ni ileile ya majani.

Kwale mwekundu hutamtafuta, yeye mwenyewe atakushtua. Unatembea, erika inalipuka pembeni ya mguu, dume linaruka likipiga kelele za haraka haraka, nyusi zake nyekundu, linatua mita hamsini mbele na kuendelea kukugombeza. Ndege huyu anaishi kwa kula vichomozo vya erika, na kwa ajili yake nyika nyingi za kaskazini zimekuwa zikichomwa vipande vipande wakati wa baridi ili erika ichipue upya. Kuanzia tarehe 12 mwezi wa nane hadi tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili ni msimu wa kumpiga risasi. Longshaw na Burbage hutakuta uwindaji huo, lakini ukienda nyika za mbali zaidi, uliza kwanza.

Kipozamataza anapaa akiimba mpaka anakuwa nukta, na haachi kuimba. Kwenye miamba ya Stanage, mbele kidogo ya Burbage, kuna ndege mweusi mwenye utepe mweupe kifuani, Waingereza wanamwita ring ouzel, anayetoka milima ya Atlas ya Moroko na Algeria kuja kutaga kwenye nyufa. Wapanda miamba wanawekewa vibao vya kuwaomba waache sehemu fulani mpaka vifaranga viruke, nao wanaziacha. Niliona kamba zimening’inia kulia na kushoto ya ufa mmoja, katikati hakuna mtu. Hilo lilinipa heshima kubwa kwa vijana wale. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa na mkewe kwenye jiwe alituonyesha mahali pa kuelekeza darubini, kisha wakatusogezea chupa yao ya chai.

Sasa nifike kwa kekeo, kwa kuwa ndiye sababu ya Mkongomani kwenda kule mwezi wa tano na si mwezi mwingine.

Kekeo wa Ulaya ni ndege wa kijivu, mwenye umbo la kipanga mdogo, mabawa yenye ncha, mkia mrefu. Dume ndilo lenye ule wimbo wa sauti mbili ambao watoto wa Ulaya wanaujua kabla ya kusoma. Jike halijengi kiota. Nyikani linamvizia ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi kifuani, anayetaga chini kwenye majani, linashuka, linatoa yai moja la mwenyewe na kuweka lake linalofanana nalo, yote kwa sekunde chache. Kifaranga cha kekeo kikianguliwa, kingali kipofu, kinayabeba mayai mengine mgongoni na kuyasukuma nje. Nimelifundisha hilo darasani kwa miaka, kwa kuchora ubaoni. Burbage nililiona nusu yake kwa macho: jike limekaa kwenye nguzo ya uzio, limetulia, na ndege wawili wadogo wakilirukia kichwani kulifukuza.

Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa ndege ya Uingereza, BTO, ilianza kuwafunga kekeo vifaa vidogo vya setilaiti mgongoni ili ijue wanakwenda wapi. Wengine wanapitia Hispania, wengine Italia, wote wanavuka Sahara, na miezi ya baridi wanaimaliza katika misitu ya bonde la Kongo. Kekeo mzazi anafika Uingereza mwisho wa mwezi wa nne, na mwezi wa sita wengi wameshaanza kurudi. Yaani muda mwingi wa mwaka hayuko kule. Anakaa barani mwetu, na Kongo ndiyo nyumba yake ndefu. Na akiwa huku kwetu anakaa kimya karibu muda wote! Wimbo wake anauimbia kule tu, kwenye eneo la kuzaliana. Mkongomani anayetaka kumsikia ndege anayelala katika msitu wa nchi yake inambidi apande nyika ya Sheffield. Nilipolifahamu hilo nilikaa chini kwenye njia. Mtoto wa kaka akauliza, “Shangazi, umechoka?” Nikamwambia asikilize vizuri, kwamba yule anayeimba pale juu ya jiwe, Krismasi yake anaila Kongo. Alinyamaza, halafu akatoa simu, akamrekodi, akamtumia rafiki yake wa shule anayetoka Uvira.

Na si yeye peke yake. Mbayuwayu waliokuwa wakipita chini ya daraja la juu la Burbage ni walewale wanaojipanga kwenye nyaya za umeme huku kuanzia mwezi wa kumi, au ndugu zao. Wa Uingereza wanafika hadi Afrika Kusini na njiani wanatukata katikati. Katika miti ya chini ya bonde anaimba ndege mdogo wa kijani-njano mwenye uzito wa gramu kumi hivi, ambaye jamii yake utaiona ikiokota wadudu kwenye miti ya bustani zetu wakati wa mvua. Kaka yangu, aliyekuwa akisema Sheffield hakuna kitu cha kwao isipokuwa kanisa, alianza kuniuliza majina.

Kuhusu darubini. Nilinunua ya mkono wa pili, ya 8x42, na naipendekeza kwa moyo wote kuliko ile ya 10x ambayo muuzaji alitaka kunipa kwa kuwa “inavuta zaidi”. Kuvuta zaidi ni kutetemeka zaidi. Kwenye upepo wa nyikani, ukiwa umesimama bila kuegemea kitu, mkono unacheza, na picha ya 10x inacheza nao. Nane inatosha, na inakupa uwanja mpana wa kumpata ndege anayeruka. Namba ya pili, 42, ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kikiwa kipana mwanga unaingia, na kule mwanga wa jioni ni mwingi hadi karibu saa nne usiku mwezi wa sita. Kama unavaa miwani, hakikisha vikombe vya mpira vya machoni vinakunjika.

Ramani nunua ya karatasi, ya Ordnance Survey, namba OL1, ya kipimo cha 1:25,000. Bei yake itakuuma. Lakini inaonyesha kila ukuta wa mawe, kila lango, kila njia ya miguu kwa vistari vya kijani, na ardhi yote unayoruhusiwa kutembea imepakwa rangi ya njano hafifu. Kwa kaka yangu rangi hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi. Niliitandaza mezani, akaweka kidole kwenye ule ukingo unaoonekana kutoka jikoni, akakuta kidole chake kiko juu ya njano. Simu usiitegemee peke yake, kwa sababu mabondeni mtandao unapotea.

Viatu ndiko nilikopoteza pesa. Duka moja la mjini liliniuzia viatu vyepesi vilivyoandikwa kwamba haviingizi maji, na siku ya kwanza ya mvua soksi zikalowa kabla ya saa sita. Mboji haina huruma. Sehemu zenye nyasi za vichwa vyeupe vya pamba chini yake ni maji, na mguu unazama kama kwenye ugali ambao bado haujashika moto. Chukua buti zinazofunika kifundo, za ngozi, hata za zamani, au zile za mpira tunazovaa kwenye mashamba ya Kabare, zitakufaa kwa njia fupi. Koti la mvua beba hata jua likiwaka. Nguo ndefu vaa, kwa sababu ya kupe walio kwenye majani makavu; wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jioni jikague miguu na nyuma ya magoti. Nyoka yupo mmoja mwenye sumu, adder, wa pekee wa aina hiyo nchini humo, na akisikia hatua zako huondoka.

Kuhusu chakula sitaandika mengi. Wifi alitufungia chapati, mayai ya kuchemsha na karanga, tukala nyuma ya jiwe kubwa upepo usipofika, na hiyo ndiyo njia bora. Longshaw kuna mkahawa wa National Trust wenye supu, chai na keki, na choo safi, jambo ambalo mama yeyote atalishukuru baada ya saa nne nyikani ambako hakuna hata kichaka cha kukuficha.

Kinder Scout tulikwenda pia, kwa treni hadi Edale. Mita 636, mlima wa juu kuliko yote ya Peak District, na Edale ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 430 hivi hadi mpaka wa Uskoti. Juu ni tambarare ya mboji nyeusi iliyochanika mifereji, iliyoumizwa na moshi wa viwanda vya Manchester na Sheffield kwa miaka mingi, na sasa inatibiwa kwa kuziba mifereji na kupanda upya mimea inayoshika maji. Nilimwona kitwitwi mwenye mgongo wa dhahabu, akilia kwa huzuni juu ya kichuguu. Kisha ukungu ukashuka tukarudi. Panafaa kwa kijana mwenye ramani na nguvu. Mgeni aliyekuja kwa wiki chache, mwenye umri wangu na kuendelea, Burbage inamtosha kabisa.

Panga safari kati ya mwisho wa mwezi wa nne na katikati ya mwezi wa sita ukitaka kekeo na sululu. Mwisho wa mwezi wa nane ndege wengi wameshashuka, ila erika inachanua na milima inakuwa zambarau mpaka upeo wa macho. Ukitaka picha za familia, ndio wakati wake. Mwezi wa kumi na mbili usiende, saa kumi jioni ni giza. Ondokeni asubuhi, siku ya kazi, watu wawe wachache, na watoto waambiwe mapema kwamba kule hakupigwi kelele.

Ile darubini nimerudi nayo, pamoja na ramani. Ziko kwangu Nguba. Anayekwenda Sheffield aje azichukue bila malipo, na akirudi aniletee karatasi yenye majina ya ndege aliowaona, tarehe na mahali, hata kama ni wawili tu.